Mimi nilikuwa sungura wa marathon, na bado nasema Boston ndiyo mbio

Sungura_Mstaafu — Jumanne, 22 Aprili 2025

Wadau, habari zenu. Jana ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, Nairobi inanyesha vile masika inavyojua kunyesha, runinga zote ziko Vatikani kwa sababu Papa Francis alikuwa ameaga asubuhi. Nikajifungia chumbani hapa Mwiki na simu na bando la shilingi mia, nangoja Boston ianze saa kumi na dakika 37 jioni. Mke wangu akauliza kama hiyo ni kazi. Nikamwambia iliwahi kuwa.

Kwa ambao hamkuona, John Korir alianguka mwanzo mwanzo tu, hata jasho halijatoka. Akainuka, akawafuata wenzake bila papara, akakaa nao. Walipokuwa kwenye vilima vya Newton, kilomita ya 32 hivi, akaondoka, na hakuna aliyemfikia tena mpaka utepe wa Boylston Street. 2:04:45. Kaka yake Wesley, yule aliyewahi kuwa mbunge wa Cherangany, alishinda mbio hizo hizo 2012, siku ya joto la kuchemsha watu, kwa 2:12:40. Ndugu wawili wote mabingwa wa Boston, haijawahi kutokea. Kwa akina dada, Sharon Lokedi na Hellen Obiri walikabana koo hadi mwisho mwisho, Lokedi akachomoka, 2:17:22. Rekodi ya Boston ilikuwa 2:19:59 tangu 2014. Hiyo hakuivunja, aliisaga.

Sasa niseme kilichonileta. Jumapili hii ni London. Mtaona kila mtu akipiga kelele za rekodi, nani atakimbia 2:01, nani 2:02. Mimi London naiheshimu, lakini naiamini Boston kuliko London, na sababu yangu ni moja. Boston haina sungura.

Nieleze, maana kazi hii niliifanya miaka sita. Sungura ni mwekaji kasi. Unasaini mkataba, mathalani kilomita moja kwa dakika tatu kamili hadi kilomita ya 25 au 30, halafu unatoka kando ya barabara. Ukifika unalipwa, ukikata pumzi kabla unakatwa. Niliwahi kuwekwa kwenye mbio za mji fulani Ulaya, sitautaja, upepo unatupiga usoni tangu kilomita ya nane. Nikatoka kwa 22 badala ya 25. Hesabu niliyoletewa hotelini usiku ule ilitosha kununua viatu vya shule vya watoto, basi. Nishasamehe.

Kitu ambacho sijasahau ni meza ya chupa. Kila kilomita tano kuna meza, na juu yake chupa za wakubwa zimepangwa, kila moja na alama yake. Huyu kafunga utepe mwekundu, yule kabandika bendera, mwingine kapinda kipande cha waya kikawa kama sikio la kikombe ili kidole kiingie bila kutafuta. Mimi nilikuwa nafika wa kwanza pale, na hakuna chupa yangu. Kazi yangu ilikuwa kubaki katikati ya barabara, nisipunguze, nisiongeze, ili wao wakishachukua wanikute palepale. Ukikata kuelekea mezani unapoteza mita tatu, nne. Kwa mwendo ule mita nne ni deni, na unalilipa kwa pumzi. Kwa hiyo nilikuwa nasikia nyuma yangu viatu, tap tap tap, halafu nusu sekunde ya kimya, mkono unagonga plastiki, halafu tap-tap-tap ya harakaharaka wakinirudia. Miaka sita nimezisikia mbio kwa mgongo.

Ndiyo maana nikiona muda mkubwa kwenye saa, macho yangu yanamtafuta yule aliyekata upepo hadi kilomita ya 30 na ambaye jina lake halitangazwi. Vienna 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia 1:59:40, masungura walikuwa 41, wakipokezana. Arubaini na mmoja! Ilikuwa siku kubwa, nililia, lakini tuliambiwa wazi kwamba si rekodi. Sasa mchukue Eliud huyo huyo umpeleke Boston 2023, bila sungura, na vilima. Wa sita, 2:09:23. Aliyeshinda ni Evans Chebet, 2:05:54, na alikuwa anatetea taji lake la 2022. Boston ukiongoza, unajichosha kwa faida ya mwenzako. Ukikaa nyuma, mtu anakutoroka. Hapo ndipo unamjua mkimbiaji.

Nimemaliza. Karibuni mnichane.


Hesabu_Tupu — Jumanne, 22 Aprili

Mzee, kwa heshima zote, umetuandikia hotuba ya mazishi ya saa.

Boston unayoisifu haikubaliwi hata kwa rekodi ya dunia. Kanuni inasema mteremko usizidi mita moja kwa kila kilomita, yaani mita 42 hivi kwa marathon nzima. Boston inaanzia Hopkinton juu na kumalizikia mjini, inashuka karibu mita 140. Tena inaenda upande mmoja, kwa hiyo upepo ukiwa wa nyuma ni wa nyuma safari yote. Geoffrey Mutai 2011 alikimbia 2:03:02 pale, hakuna aliyekuwa amewahi kwenda kasi hiyo duniani, na haikuandikwa kama rekodi. Kwa hiyo usituambie Boston haina msaada. Sungura wake ni upepo na mteremko.

La pili, Kelvin Kiptum. London 2023, 2:01:25. Nusu ya pili peke yake ni 59:45. Alichomoka baada ya kilomita ya 30, sungura gani alikuwa naye? Miezi sita baadaye akaenda Chicago akakimbia 2:00:35. Sungura wanakufikisha sokoni, kununua unanunua mwenyewe.


Sungura_Mstaafu

Hesabu, hapo kwa Kiptum umenigusa kidonda. Sina jibu. Nipe siku moja.


MtuWaSingida — Jumanne, 22 Aprili

Aisee mnazungumza Boston saa nzima na hakuna aliyemtaja wa pili. Kaka zangu wa Kenya, hebu tuheshimiane. Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, 2:05:04! Alimaliza sawa kwa saa na Cyprian Kotut, akamtangulia kwa kifua. Niko hapa Nairobi kikazi, South B, nilikuwa naangalia na Wakenya wanne sebuleni, walivyonyamaza ungedhani umeme umekatika.


Sungura_Mstaafu

Singida, pongezi, tena za dhati. Lakini ndugu yangu, wa pili Boston ndicho kiti chenu. Mnakikalia tangu enzi za Juma Ikangaa. 1988 Ibrahim Hussein alimshinda kwa sekunde moja, 2:08:43 kwa 2:08:44, akawa Mwafrika wa kwanza kushinda pale. 1989 Ikangaa wa pili tena. 1990 wa pili tena. 2023 Gabriel Geay wa pili. Mwaka huu Simbu. Siku Mtanzania atakapoingia wa kwanza kwenye mbio kubwa isiyo na sungura, nakununulia kilo ya mbuzi Kenyatta Market. Andika pembeni.


MtuWaSingida

Nimeandika. Na nimepiga picha ya skrini, maana Wakenya nawajua. Ila usisahau Ikangaa huyohuyo aliwachukulia New York 1989, 2:08:01. Hicho kiti kilikuwa cha mbele.


Dada_wa_Karura — Jumanne, 22 Aprili

Nimesoma uzi mzima nikingoja mtu azungumze juu ya mbio za wanawake zaidi ya sentensi tatu. Nimechoka kungoja.

Mbio za jana za wanawake zilikuwa nzuri kuliko za wanaume, na Sungura ilipaswa uanze nazo kwa sababu ndizo zinakuunga mkono. Waliovunja ile rekodi ya zamani ya Boston ni watatu, si mmoja. Lokedi 2:17:22, Obiri 2:17:41, Yalemzerf Yehualaw wa Ethiopia 2:18:06. Hawa wote bila mtu wa kuwakatia upepo. Na Obiri ndiye alikuwa bingwa 2023 na 2024. Mwaka jana alimwacha Lokedi wa pili kwa sekunde nane. Mwaka mzima Lokedi amekula na kulala na sekunde nane. Jana alimlipa kumi na tisa.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Wanawake wana rekodi mbili za dunia za marathon. Moja ni ya mbio mchanganyiko, ambapo mwanamke anaweza kuwa na sungura wanaume kutoka mwanzo hadi mwisho, na hiyo ni 2:09:56 ya Ruth Chepngetich, Chicago mwaka jana. Nyingine ni ya mbio za wanawake pekee, 2:16:16 ya Peres Jepchirchir, London mwaka jana pia. Tofauti ya dakika sita na zaidi! Sisemi yote ni sungura, lakini Hesabu, wewe mwenye kikokotoo, tuambie mgongo wa mwanaume una thamani ya dakika ngapi?

Mimi ni wa kukimbia Karura Jumamosi na wenzangu, kilomita kumi na chai baadaye, lakini hata mimi najua ukijificha nyuma ya mtu mwenye mabega mapana unatembelea nyota yake.


Hesabu_Tupu

Dada, kikokotoo kimezima.


Shabiki_Baridi

Na mbona hakuna anayetaja dawa? Kila wiki Mkenya mwingine amefungiwa. Mimi siku hizi nikiona rekodi nakunja uso kwanza, nafurahi baada ya miaka mitatu.


Kijana_wa_Iten — Jumatano, 23 Aprili

Shabiki, swali lako ni halali na sitalikwepa. Uchafu upo, na sisi tunaokaa huku tunaujua kuliko nyinyi. Lakini ujue pia maisha ya anayepimwa yalivyo. Wale wakubwa wanatakiwa kuandika kila siku watakuwa wapi, saa moja maalumu, mwaka mzima. Wapimaji wakija saa hiyo wakakukosa, ni alama. Alama tatu ndani ya miezi 12, ni kosa kama la dawa. Nina jirani ambaye saa yake ni kumi na moja alfajiri. Mama yake alilazwa usiku, akaenda naye hospitali, na akiwa kwenye gari anabadilisha anwani kwa simu huku machozi yanamtoka. Kenya iko kwenye kundi la nchi zinazoangaliwa zaidi: bila kupimwa kwa ghafla angalau mara tatu katika miezi kumi kabla ya mashindano ya dunia au Olimpiki, huwakilishi nchi. Haitoshi, najua. Lakini usikunje uso kwa wote.

Kuhusu mjadala wenyewe, wacha niwapeleke nyuma kidogo. Nyinyi mnaona Aprili. Mbio za Aprili zinapikwa Januari. Huku Januari na Februari ni kiangazi, barabara ya Moiben ina vumbi la kumpoteza mtu aliye mita hamsini mbele yako. Mbio ndefu zinaanza giza halijatoka, na ukirudi unatema udongo mwekundu. Alhamisi ni fatleki, yale mazoezi ya kupandisha na kushusha kasi, Iten nzima inatoka, watu mia mbili na zaidi kwenye njia moja, mabingwa wa dunia na kijana aliyeshuka kwenye matatu jana na viatu vya kuazima, wote pamoja. Hakuna sungura wa kulipwa pale. Yule kijana ndiye sungura. Anaongoza dakika mbili, tatu, anataka meneja aliyekaa kwenye pikipiki amwone. Mvua za mwisho wa Machi zikija, wale wa Boston na London wameshamaliza kazi, wamebaki na kupumzisha miguu. Tope linatuachia sisi.

Mzee Sungura, wewe uliingiaje kwenye kazi hiyo? Si hivyo hivyo?


Sungura_Mstaafu

Hivyo hivyo, kijana wangu. Ila mimi ilikuwa Embulbul, Ngong. Niliongoza siku moja mpaka nikatapika, meneja akaandika namba yangu kwenye kiganja. Nilidhani ananiandika kuwa bingwa.


Kijana_wa_Iten

Na kwa Hesabu: sisi huku jina la Kiptum hatulitumii kushinda mabishano. Februari tarehe 11 mwaka jana, barabara ya Kaptagat, ajali ya gari ilimchukua yeye na kocha wake Gervais Hakizimana. Aprili ile alikuwa aende Rotterdam. Sote tulijua anaenda kutafuta nini.


Hesabu_Tupu

Samahani. Umesema kweli.


Hesabu_Tupu — Alhamisi, 24 Aprili

Nirudi na kitu ambacho hakitaumiza mtu: pesa. Mshindi wa Boston mwaka huu anapata dola 150,000, na ukivunja rekodi ya njia unaongezwa 50,000. Mshindi wa London anapata 55,000, halafu kuna bonasi za muda. Yaani Boston inalipa nafasi, London inalipa saa. Hapo Sungura ana pointi, London inawafundisha watu kukimbiza saa. Ingawa zile pesa za kuitwa tu uje ushiriki hazitangazwi, na kwa majina makubwa ndizo zenye nyama.


Sungura_Mstaafu

Andika hiyo tarehe jamani. Hesabu amekubali.


Shabiki_Baridi

Amekubali nusu. Hiyo nayo ni nusu marathon.


MtuWaSingida — Jumapili, 27 Aprili, saa tano na nusu asubuhi

Wanaume wanaanza sasa hivi London. Wanawake walitangulia nusu saa. Mvua South B imetulia, umeme upo, chai ipo. Nani yuko?


Dada_wa_Karura

Niko. Tigst Assefa na Joyciline Jepkosgei wako mbele, Sifan Hassan anafuata nyuma kidogo. Huyo Hassan msimwache machoni, 2023 alisimama njiani kunyoosha misuli na bado akashinda.


Kijana_wa_Iten

Eliud yuko kwenye kikundi. Miaka 40. Hapa hotelini watu wamesimama, hakuna anayeagiza chochote, mwenye hoteli amenuna.


Dada_wa_Karura — saa saba na nusu mchana

ASSEFA 2:15:50!!! Rekodi ya dunia ya wanawake pekee imeondoka kwa Jepchirchir. Jepkosgei wa pili 2:18:44, aliachwa karibu dakika tatu akiwa amekaa naye muda mrefu. Hivyo ndivyo kilomita za mwisho zinavyomfanya mtu. Hassan wa tatu.


Hesabu_Tupu

SAWE. Sabastian Sawe jamani. Mmeona alichofanya kwenye meza ya chupa???


MtuWaSingida

Mimi nilikuwa nimeinama nachukua kikombe, nimeinua kichwa mtu hayupo.


Hesabu_Tupu — saa tisa alasiri

Matokeo kwa waliokuwa kanisani: Sawe 2:02:27. Jacob Kiplimo wa Uganda wa pili 2:03:37, marathon yake ya kwanza kabisa; huyu Februari alikimbia nusu marathon Barcelona kwa 56:42. Alexander Mutiso 2:04:20, na Abdi Nageeye muda uleule. Eliud wa sita, 2:05:25. Kilomita tano za Sawe kutoka 30 hadi 35 ni 13:56. Yaani kama dakika 2 na sekunde 47 kila kilomita, baada ya kukimbia saa moja na nusu.

Mzee Sungura uko wapi? Tunakungoja.


Sungura_Mstaafu — Jumapili, 27 Aprili, saa mbili usiku

Niko. Nilitoka nikatembea kidogo mpaka steji na kurudi, nilikuwa nahitaji hewa.

Nimerudia kipande kile mara saba. Wanakaribia kilomita ya 30, kikundi bado kikubwa. Meza iko pembeni. Wote wanakata kuelekea chupa, kama nilivyowaona wakikata miaka yote, mtu anapunguza nusu hatua, mkono unanyoosha. Sawe hakukata. Alibaki katikati ya barabara. Wao wanatafuta utepe wao na bendera zao, yeye anaongeza. Walipoinua macho, zile mita nne ninazowaambia zilikuwa zimeshakuwa kumi, na kumi zikawa mtaa mzima.

Wadau, pale katikati ya barabara ni mahali pangu. Nimepakanyaga miaka sita. Kila meza nilikuwa nabaki pale peke yangu, mbele, nina sekunde mbili ambazo kila mtu nyuma yangu anafikiria maji. Sikuwahi hata siku moja kuwaza kwamba zile sekunde mbili ni mlango. Mimi nilikuwa nawangojea wanikute.

Hesabu, nakubali. London nayo ni mbio. Masungura walikuwepo, na bado kilichoamua ni mtu mmoja kutochukua chupa. Boston sijaiacha, lakini nimesogea.


Hesabu_Tupu

Mzee, kaa kitini kwanza. Unajua Sawe alianzaje?


Sungura_Mstaafu

Alianza Valencia Desemba, 2:02:05, marathon ya kwanza.


Hesabu_Tupu

Kabla ya hapo. Januari 2022, nusu marathon ya Seville, Hispania. Alipelekwa kama mwekaji kasi. Hakutoka kando. Akamaliza, akashinda, 59:02.


Kijana_wa_Iten

Hahaha. Mzee amenyamaza.


Sungura_Mstaafu

Sijanyamaza. Natafuta nambari ya yule meneja.


Dada_wa_Karura

Na si wa kwanza. Simon Biwott, Berlin 2000, alikuwa sungura, akaendelea mpaka mwisho akashinda kwa 2:07:42. Inaruhusiwa kabisa.


Sungura_Mstaafu

Inaruhusiwa, dada, hilo nilijua. Ila ujue kitu: sungura anayemaliza na akashindwa anaonekana mjinga mara mbili. Mkataba unasema 30, umeshalipwa, goti linauma, na wiki mbili baadaye una kazi nyingine mji mwingine. Ukiendelea ukaharibika mguu, umepoteza msimu wote. Masika ndiyo kulikuwa na mavuno yetu, Machi hadi Mei, kila Jumapili kuna mji Ulaya unataka sungura. Nani ataichezea? Niliwahi kufika 30 siku moja nikiwa na miguu mibichi, nasikia nyuma yangu wamebaki wawili na wanahema vibaya. Nikatazama ule upenyo kwenye uzio tunapotokea. Nikatoka. Mtu akanivisha blanketi, akanipa ndizi. Yule aliyeshinda alikimbia 2:11. Mbili kumi na moja!

Ndizi ilikuwa mbichi kidogo.


Shabiki_Baridi

Mimi nilikuja kukunja uso, sasa nimelowa macho. Uzi huu haunifai.


MtuWaSingida — Jumatatu, 15 Septemba 2025, saa kumi alfajiri

NAFUKUA UZI. AMKENI. AMKENI WOTE.

ALPHONCE SIMBU BINGWA WA DUNIA. Tokyo. 2:09:48. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wamepewa muda uleule, wametenganishwa na sehemu tatu tu za mia za sekunde, yaani 0.03! Petros alikuwa mbele kwenye mita za mwisho, Simbu akamvuta, akamvuta, wote kifua mbele, Petros akaanguka chini baada ya mstari. Hata wao hawakujua nani ameshinda mpaka skrini ilipoandika. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya riadha ya dunia. YA KWANZA. Nimepiga kelele jirani amegonga ukuta.


Dada_wa_Karura

Hongera sana Singida! Nimeona. Na jana Peres Jepchirchir alimpiku Assefa kwa mtindo huohuo ndani ya uwanja, 2:24:43 kwa 2:24:45. Mwenye rekodi ya London ameshindwa na yuleyule aliyenyang'anywa rekodi hiyo. Joto, hakuna masungura, hakuna aliyeangalia saa.


Shabiki_Baridi

Wakati mnashangilia, yule Chepngetich wa 2:09:56 alisimamishwa Julai kwa kipimo cha dawa. Ninasema tu. Miaka mitatu yangu bado naihesabu.


Kijana_wa_Iten

Shabiki, leo pumzika. Hongera Tanzania. Huyu Simbu 2017 alikuwa wa tatu London kwenye mashindano ya dunia, miaka minane amerudi kuchukua ile nafasi.


MtuWaSingida

Asanteni sana ndugu zangu. Sasa, namtafuta mtu mmoja. Aliandika Aprili 22, nanukuu: mbio kubwa isiyo na sungura, Mtanzania wa kwanza, kilo ya mbuzi, Kenyatta Market. Picha ya skrini ninayo.


Hesabu_Tupu

Mashindano ya dunia huwa hayana wawekaji kasi. Masharti yote yametimia. Nimekagua.


Sungura_Mstaafu — Jumatatu, 15 Septemba, saa moja asubuhi

Nimeamka nikakuta simu ina moto. Mke wangu ananiuliza nimefanya nini.

Sipingi. Jumamosi saa saba mchana, Kenyatta Market, nitakuwa nimeshaagiza. Hesabu uje pia, utuhesabie mifupa. Singida, ukifika usingoje mtu akukatie, nyama ikishuka mezani unyooshe mkono wa kwanza.


MtuWaSingida

Sichukui chupa.